Desibeli 6 za Bure: Besi Iliyopimwa kwa Hedifoni za Wazi

Mliotazama ile video ya prodyuza wetu akimalizia miksi mubashara mnaijua sehemu ninayoizungumzia. Simtaji. Jina lake liko kwenye biti, analitangaza mwenyewe kila wimbo kabla mwimbaji hajafungua mdomo, tabia ambayo nimeipigia kelele humu mpaka mhariri ameniomba nipumzike. Ni pale kiki na logi dramu, ile besi ya kuteleza ya amapiano, zilipoanza kugombana. Jamaa akavua hedifoni zilizofungwa alizokuwa amevaa tangu mwanzo, akazitundika kwenye stendi ya maiki, akachukua Sennheiser HD 650, ambazo ni za wazi, akatueleza kwamba sasa anataka kuusikia wimbo ulivyo. Akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa. Akafungua ikwalaiza, akaishika shelfu ya chini pale kwenye 50 Hz, akaipandisha desibeli 6. Akatabasamu. Watazamaji wakamwaga moto na makofi.

Hapo ndipo wimbo ulipoharibika, na hadi leo bado umeharibika.

Kazi nyingine niisifu haraka nisije nikaambiwa nina wivu: sauti ya mwimbaji imekaa mahali pake, hai-hati zimetawanywa kwa akili, rivabu haikumwagwa. Basi. Turudi kwenye besi.

HD 650 ni hedifoni nzuri, tena sana. Ziko sokoni tangu 2003, na kwa sauti ya binadamu, gita la kavu, zumari, hata kinanda cha taarabu, sijui nyingi za bei yake zinazozishinda. Lakini kuziuliza habari za 45 Hz ni sawa na kuonja chumvi ukiwa na mafua. Utajibiwa kwamba haipo, utaongeza, utaonja tena, utaambiwa bado kidogo, na wageni ndio watakaokijua chakula.

Tazameni umbo lake. Mgongo wa kikombe ni wavu wa chuma, hauna ukuta. Kiwambo kinaposukuma hewa mbele kuelekea sikioni, papo hapo kinaivuta upande wa nyuma, kwa hiyo yanatoka mawimbi mawili yanayopingana. Kwenye sauti za juu hilo si tatizo, kwa kuwa mawimbi yake ni mafupi na hayazunguki kirahisi. Wimbi la 45 Hz lina urefu wa mita 7 na nusu hivi. Kwake kikombe cha hedifoni ni kama hakipo: la nyuma linapita pembeni, linapita kwenye mito ya velveti, linakutana na la mbele na kulifuta. Juu ya hapo kiwambo kina mwitiko wake wa asili, ambao kwa hedifoni za aina hii uko jirani na 80 Hz, na chini yake nguvu inateremka. Mlio wa chini kabisa, ule wa 30 na 40 Hz, unakufikia ukiwa umepungua vibaya.

Kinachopoteza watu ni kwamba HD 650 hazisikiki kama zimekosa besi. Zina uvimbe mdogo juu ya 100 Hz, na uvimbe huo unaipa miksi joto. Kwa gita la besi la kawaida unatosha: kamba yake ya chini kabisa iko 41 Hz, lakini mwili wa sauti yake umejaa katika oktevu ya juu yake, na ubongo unajijazia kilichokosekana. Logi dramu nayo ina mwili mahali hapo hapo, kwa hiyo prodyuza aliusikia mwili na hakuisikia miguu. Akadhani miguu imekatwa, wakati ilikuwepo, tena minene.

Sasa zile alizozitundika. Ndani ya kikombe kilichofungwa, mto ukishika vizuri kichwani, kinabaki kichumba kidogo cha hewa kati ya kiwambo na ngoma ya sikio. Humo besi haifanyi kazi kama inavyofanya sebuleni. Spika ya sebuleni ikitaka kukupa 30 Hz kwa nguvu ile ile ya 60 Hz, kiwambo chake lazima kisogee mara 4 zaidi, ndiyo maana spika ndogo hutoa roho. Kwenye kichumba kilichozibwa, msogeo ule ule unaleta shinikizo lile lile, iwe 60, iwe 30. Hewa haina pa kukimbilia. Kiwambo cha milimita 40 kwenye Sony MDR-7506, hedifoni ya 1991 ambayo imezeeka bila kustaafu, kinakuonyesha wazi kama kuna kitu kinachotambaa pale chini. Beyerdynamic DT 770 inafanya zaidi, na wakati mwingine inazidisha.

Kwa hiyo mtu alikuwa na kipimo kinachofika chini, akakivua, akavaa kisichofika, halafu kwa ushahidi wa kile kisichofika akaongeza chini. Nimejaribu kumtetea. Labda masikio yalikuwa yamechoka. Labda alitaka mtazamo wa pili, jambo jema kabisa. Mtazamo wa pili, hata hivyo, una utaratibu wake: ukibadilisha hedifoni, kwanza unapiga wimbo wa watu, wimbo uliokwisha kupimwa na dunia, usikie hedifoni hizo zinausemaje, ndipo unarudi kwenye wako. Yeye hakupiga wimbo wowote wa kulinganisha. Alitoka kwenye pea moja akaingia kwenye nyingine, na tofauti ya pea akaichukua kuwa kasoro ya miksi.

Na kuna kitu ambacho wengi hawakukiona. Kabla tu ya kubadilisha, alipunguza sauti ili aongee na watazamaji, na hakuirudisha. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba kadiri sauti inavyopungua, sikio linaipoteza besi mapema kuliko sauti za kati. Kwa hiyo besi ilipungua mara mbili, kwa hedifoni na kwa kitufe, na prodyuza akailipa mara mbili kwa ikwalaiza.

Desibeli 6 si mapambo. Ni kuongeza volteji mara 2, na kwa amplifaya ni kudai nguvu mara 4 kwenye masafa hayo. Wale wanaoniandikia kwamba kwenye simu zao wimbo uko freshi sina ugomvi nao, ila spika ya simu haiwezi kabisa kutoa 50 Hz, ungeongeza desibeli 6 au 20. Simu haijui kilichotokea. Anayejua ni DJ wa kigodoro Manzese, mwenye masubwoofa yaliyopangwa ukutani, ambaye wimbo huo ukiingia baada ya mwingine lazima ashike kitufe cha chini akizungushe kushoto. Na dereva wa bajaji mwenye spika nyuma ya kiti, ambaye kiitikio kinapofika anasikia vum moja ndefu isiyo na mwanzo wala mwisho.

Mbaya zaidi ni kilichotokea kwenye limita. Besi ndiyo inayokula nafasi kubwa katika miksi, na limita haiulizi nani amesababisha: kilele kikigonga dari, wote wanashushwa. Sikilizeni kiitikio kwa makini. Kila logi dramu inapodondoka pamoja na kiki, sauti ya mwimbaji inazama kidogo halafu inaibuka, inazama, inaibuka. Prodyuza aliusikia mzamo huo, maana baadaye kwenye video anaipandisha sauti ya mwimbaji. Yaani aliongeza besi, besi ikamzamisha mwimbaji, akamwongeza mwimbaji, limita ikabanwa tena. Mita ya LUFS, ile ya kupima ukubwa wa sauti ya wimbo, aliyokuwa akituonyesha kwa fahari haikumwonya, kwa sababu mita hiyo huipunguzia uzito besi ya chini kabisa kabla ya kuhesabu, kwa makusudi, ili ifanane na sikio. Alifika kwenye namba aliyoitaka, ile -14 ambayo Spotify husawazishia nyimbo, akadhani amefika salama.

Zile zilizofungwa zingemwambia nini? Kwamba besi haijapungua. Kwamba vyombo viwili vimekaa kiti kimoja. Kiki ina mzizi wake hapo hapo kwenye 50 na kitu, na logi dramu, ambayo kazi yake ni kuteleza, inateleza ikipita juu yake. Dawa yake inajulikana: shusha noti ya kiki au ipandishe, au ikate chini uiachie logi dramu nafasi, au funga kompresa ya saidicheni ili moja ipige magoti nyingine ikipita. Hakuna hata dawa moja inayoanza kwa kuongeza. Vijana wa Afrika Kusini walioitoa sauti hii kwenye FruityDX10, plagini ya kawaida tu iliyomo ndani ya FL Studio, walijifunza mapema kuipisha: kwenye amapiano nyingi nzuri kiki ni nyepesi, karibu unaisahau, ili mwenye nyumba awe logi dramu. Sisi tunataka kiki ya hip hop na logi dramu ya Pretoria kwenye wimbo mmoja, na vyote viwe baba.

Najua tulipopatia hii imani kwamba ya wazi ni ya kitaalamu na iliyofungwa ni ya kelele. Mwaka 1968 Sennheiser walitoa HD 414, ya kwanza ya wazi kuuzwa, yenye sponji za njano, nyepesi, na watu waliozoea hedifoni nzito zinazobana wakahisi wamevuliwa kofia ya chuma. Haki yao. Tangu hapo uwazi ukahusishwa na ukweli. Halafu 2008 zikaja Beats za Dr. Dre na Jimmy Iovine, zilizofungwa, zenye besi iliyopikwa mpaka ikaungua, na Apple wakainunua kampuni nzima mwaka 2014 kwa dola bilioni 3. Kariakoo ikajaa bandia zake, na kwa miaka mingi mtu akisema hedifoni zilizofungwa tunaona ile herufi nyekundu ya b. Wajuzi wetu wakakimbilia upande wa pili. Walikimbia Beats, sawa, lakini MDR-7506 na DT 770 zilikuwepo kabla Beats haijazaliwa, na wakazikimbia pia.

Mtu wa haki ataniuliza kuhusu planari. Kweli, kuna za wazi zinazofika chini: LCD-X ya Audeze ina kiwambo kipana cha bapa kinachosukumwa eneo lake lote, na mto wake mnene wa ngozi unaziba mbele vizuri hata kama nyuma kuko wazi, hivyo mstari wake unakwenda sawa karibu mpaka mwisho wa usikivu. Ukiwa nazo, vaa za wazi na usinisikilize. Bei yake inapita dola elfu moja, na sijaziona kwenye video hiyo.

Kuna na shtaka halali dhidi ya zilizofungwa, ambalo wapenzi wa HD 650 hawalitumii vya kutosha. Ni hedifoni za masharti. Besi yake yote inategemea ule mfuniko kati ya mto na kichwa, na kichwa cha mtu wa huku kina mambo: misuko, rasta, ushungi uliokunjwa mara mbili, kofia ya barakashia, miwani yenye mikono minene. Upenyo mdogo tu chini ya mto, na shinikizo la 40 Hz limetoroka kabla halijafika. Watu wawili wanaweza kuvaa DT 770 moja wakabishana mpaka usiku kuhusu besi ya wimbo mmoja, na wote wakasema kweli. Halafu joto letu. Ngozi bandia ya mito ya Sony inapasuka na kumenyeka, inaacha chembe nyeusi shavuni, na kabla haijamenyeka ilishaanza kuvujisha. Kubadilisha mito ni matengenezo ya kawaida kama kubadilisha nyuzi za gita, lakini naona studio zenye kompyuta za mamilioni na mito iliyoshikizwa kwa gundi na selotepu.

Pia DT 770 inavimba chini. Anayemiksi nayo peke yake ana hatari ya kuacha besi pungufu, kwa kuwa masikioni mwake ipo tele. Nakubali. Lakini makosa haya mawili hayalingani uzito. Besi pungufu anayemasta anaiinua, DJ anaiinua, hata abiria kwenye gari anaiinua. Besi iliyozidi mpaka ikapondwa na limita pamoja na mwimbaji hairudi. Ukiipunguza unapata besi ndogo na mwimbaji yule yule anayezama.

Vijana hawapendi nikimtaja King Tubby, wanasema naishi Kingston ya kale. Nitamtaja. Osbourne Ruddock, ndilo jina lake halisi, alikuwa fundi wa umeme aliyekarabati redio na amplifaya. Kwenye chumba kidogo pale Dromilly Avenue, Waterhouse, kwenye mikisa ya MCI aliyoinunua ikiwa imetumika, aliiondoa besi na kuirudisha kwa kitufe kimoja cha filta mpaka ikawa ala. Aliweza kwa sababu alikuwa na saundi yake mwenyewe, Hometown Hi-Fi, na alijua kitakachotokea bamba likifika kwenye masanduku ya spika mbele ya watu. Hukumu ya besi aliitoa mahali besi inapoishi. Mafundi mitambo wa Radio Tanzania nao hawakuwa na anasa ya kurekebisha baadaye: bendi inapiga, tepu inazunguka, gita la besi likizidi mnarudia wimbo wote. Sikilizeni rekodi za Mlimani Park za miaka ya 1980. Besi inatembea, unaweza kuihesabu noti kwa noti, na Bichuka anaimba juu yake bila kuzama hata mara moja.

Na tusiende mbali hivyo. Zile kazi za Bongo Records za mwanzoni mwa miaka ya 2000, P-Funk Majani akiwa na akina Juma Nature na Profesa Jay, zilikuwa na kiki nzito kwa wakati wake, na neno halikupotea. Muziki ule ulijengwa juu ya neno. Ningependa mtu anionyeshe wimbo mmoja wa kipindi kile ambao mwimbaji anashuka na kupanda kama mashua kila kiki ikipiga.

Mnaoniuliza mnunue zipi za kusikilizia tu, si za kumiksia: kwa singeli, amapiano, dancehall, hip hop, zilizofungwa, na pesa inayobaki wekeni kwenye mito. Kwenye daladala hakuna hata mjadala. Ngurumo ya injini ya dizeli iko chini kabisa, ndiko besi iliko, na ya wazi inaikaribisha yote ndani. Utaongeza sauti mpaka masikio yaumie na besi bado utaikosa, tena jirani yako atakuwa anasikiliza wimbo wako. Hata zilizofungwa za kawaida huzuia zaidi kelele za juu kuliko ngurumo hiyo, na hapo ndipo ule mfumo wa kufuta kelele unapostahili bei yake, maana unafanya kazi vizuri zaidi kwenye masafa ya chini. Ila msije mkamiksi kwa Bluetooth. Nimesema.

Kwa prodyuza wetu, faili la mradi bila shaka analo. Shelfu ile aizime, saidicheni aifunge, sauti ya mwimbaji airudishe ilipokuwa kabla hajaanza kuikimbiza, amaste upya. HD 650 aziweke kwa upangaji wa kushoto na kulia na mikia ya rivabu, kazi ambayo zinaifanya vizuri kuliko chochote alichonacho pale mezani. Lakini asimpe tena mwimbaji wakati wa kurekodi, kwa sababu hilo nalo amelifanya: pazeni sauti pale mwanzo wa ubeti wa pili, kabla biti haijaingia, nyuma ya pumzi ya mwimbaji. Ile tiki-tiki si hai-hati. Ni metronomu, imevuja kwenye wavu wa hedifoni ikaingia kwenye maiki, na imetoka na wimbo.